Utafiti Uliofanyika Majumbani Mwetu Urudi Majumbani

Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika mkutano wa kamati za afya na maendeleo za sharika, Magoma, Wilaya ya Korogwe

 

Kwanza tunawashukuru wenyeji wetu wa Magoma kwa mapokezi na kwa uji mliotuandalia. Tumeteremka alfajiri kutoka Lushoto, mji ulioko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, tukiwa tumevaa masweta. Tulipofika Mombo tuliyavua. Hapa Magoma, chini ya milima na katikati ya mkonge, mwenzetu mmoja ameshaomba kuhamishiwa kivulini. Jambo hili linachekesha, lakini ndilo lililotuleta kwenu, kwa maana joto hilohilo lililotuvua masweta limewaleta watafiti katika wilaya hizi kwa zaidi ya miaka mia moja.

Mwaka 1898 daktari Mjerumani Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alifika Usambara Magharibi akitaka kujua kama ni kweli kwamba milimani hakuna malaria. Wakati huo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya namna ugonjwa huo unavyoambukizwa, naye Ronald Ross alikuwa India akipasua mbu na kuwachunguza matumbo. Koch aliandika jambo moja ambalo sisi tunaona lingestahili kubandikwa kwenye ukuta wa kila zahanati ya Mkoa wa Tanga. Watu wa milimani walimweleza kwamba wao huugua wakishuka nyika, kwamba huko nyika huumwa na wadudu waitwao mbu, na kwamba ugonjwa wenyewe nao wanauita mbu. Mdudu na ugonjwa, neno moja. Babu zetu walikuwa wamekwisha kulijua jibu, mgeni akaja kulihakikisha na kuliandika.

Tangu hapo watafiti hawajakatika. Wajerumani walianzisha kituo cha Amani mwaka 1902 kwa ajili ya kilimo, Waingereza baadaye wakakifanya kituo cha malaria, kisha kikawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Watu hawa wamehesabu mbu wetu, wametoboa vidole vya watoto wetu na wametega panya wetu darini. Hatulalamiki juu ya hilo. Wengi wetu tuliomo humu tuko hai kwa sababu ya kazi hiyo. Tunachosema leo ni kwamba sehemu kubwa ya utafiti huo ulifanyika ndani ya nyumba zetu, juu ya sakafu zetu na vitanda vyetu, lakini matokeo yamebaki kwenye majarida ya Kiingereza, na mwenye nyumba hajaambiwa. Na mwenye nyumba asipoambiwa, miradi nayo hukosea. Wa kwetu ulikosea, nasi tutaeleza.

Tuchukue mfano ulio karibu. Mwaka 2003 mtafiti René Bødker na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwenye vijiji sita vya Usambara, kuanzia bondeni kwenye mita 300 hadi juu karibu na mita 1,700. Waligundua kwamba uambukizaji wa malaria bondeni ni mkubwa mara 1,000 hivi kuliko kule juu. Mara elfu moja, katika milima ambayo mtu hushuka na kupanda kwa siku moja! Aidha waliona kwamba bondeni malaria hupanda baada ya mvua za masika, wakati milimani huja kipindi cha joto la kiangazi, kwa sababu baridi ya msimu wa mvua huzuia vimelea kukomaa ndani ya mbu. Lakini waliona pia kwamba wale mbu wachache wa milimani nao walibeba vimelea, ingawa huko nje kulikuwa na baridi. Huenda mbu huchagua kupumzika mahali penye joto zaidi. Sasa jiulizeni wenyewe: usiku wa Lushoto, mahali penye joto ni wapi kama si ndani ya nyumba, karibu na moto na watu waliolala?

Mfano mwingine ni wa wilaya hii ya Korogwe. Watafiti wa NIMR na wenzao walifuatilia vijiji viwili, Mkokola cha bondeni na Kwamasimba cha milimani. Mwaka 2003 watoto na vijana wa Mkokola waliokutwa na vimelea vya malaria walikuwa asilimia 78.4. Mwaka 2008 walikuwa asilimia 13. Kule Kwamasimba waliteremka kutoka asilimia 24.7 hadi 3.1. Hizi ni habari njema kupita kiasi, na ziliwahusu majirani zenu. Kabla ya mkutano huu kuanza tuliwauliza wajumbe waliokaa safu mbili za mbele kama wamewahi kuzisikia namba hizi. Hakuna hata mmoja. Mama mmoja alijibu kwamba yeye aliona tu watoto wameacha kulazwa, akadhani ni dua.

Dua ilikuwepo, mama, lakini na vyandarua vya hati punguzo vilikuwepo, na dawa mpya ya mseto ilikuwepo. Mzazi asipojua ni kitu gani kilimsaidia, siku chandarua kikichanika atakitumia kufugia kuku, nasi tutamlaumu bure.

Kuna na hili la chanjo. Mwaka 2007 watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi, Kenya, wenye umri wa miezi 5 hadi 17, waliingizwa kwenye majaribio ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Majibu yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliochanjwa walipungukiwa na malaria kwa asilimia 53 wakilinganishwa na wenzao. Kisha Korogwe ikawa moja ya vituo 11 vya nchi saba katika majaribio makubwa yaliyoendelea hadi 2014, yenye watoto zaidi ya 15,000. Mwaka 2019 chanjo ilipoanza kutolewa kwa utaratibu wa majaribio katika huduma za kawaida, ilianzia Ghana, Kenya na Malawi. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza rasmi mwezi Oktoba 2021. Sisi tuliisikia redioni tukiwa safarini, na tulijiuliza ni wazazi wangapi wa Korogwe waliojua kwamba mkono wa mtoto wao umo katika habari ile. Uamuzi wa nchi zipi zianze ulikuwa na sababu zake, hatuugombi. Lakini mzazi aliyemleta mtoto wake kwa ajili ya watoto wa dunia nzima angestahili angalau kutumiwa barua.

Sasa tupande milimani, kwa sababu huko ndiko tulikojifunza kwa aibu.

Wengi mnakumbuka tauni ya Lushoto. Mlipuko wa kwanza ulikuwa mwaka 1980, na ugonjwa ukawa unarudi karibu kila msimu kwa miaka zaidi ya 20. Wachambuzi wa kumbukumbu za hospitali tangu 1986, wakiwamo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, waliandika mwaka 2006 kwamba wagonjwa huongezeka kati ya Desemba na Februari, na kwamba kuna misimu iliyopita bila mgonjwa na misimu iliyofikisha wagonjwa 1,150. Vijiji vilivyoumia zaidi vilikuwa Nywelo, Madala na Gologolo, vilivyo juu sana na mbali na wengine. Walioambukizwa zaidi walikuwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19. Na katika kata yenye vijiji hivyo vitatu, mwanamke wa miaka 30 hadi 34 alikuwa hatarini mara 2.4 kuliko mwanamume wa umri huohuo.

Tunaomba akina baba waitafakari namba hiyo ya mwisho. Mume na mke wanaishi paa moja. Tofauti iko wapi? Sisi si watafiti na hatudai kuwa tumethibitisha, lakini tunajua ni nani anayeingia stoo, ni nani anayepura mahindi, ni nani anayefagia sakafu ya udongo akiwa ameinama, na ni nani, mgeni akija, anayempisha kitanda akalale chini na watoto.

Mwaka 2007 Anne Laudisoit na wenzake walitoa utafiti mwingine. Walikusanya viroboto ndani ya nyumba za vijiji 12 vya Usambara Magharibi, saba vyenye tauni ya mara kwa mara na vitano ambavyo tauni ilikuwa adimu au haikuwahi kuandikwa. Kati ya viroboto waliokamatwa, asilimia 72.4 walikuwa kiroboto wa binadamu, si wa panya. Na kadiri kiroboto huyo alivyokuwa mwingi, ndivyo kijiji kilivyokuwa na tauni nyingi. Watafiti hawakusema kwamba panya hana hatia. Walisema kiroboto wa binadamu huenda naye anahusika, na kwamba kumhesabu ni njia ya kujua kijiji kipi kiangaliwe mapema. Sasa kiroboto huyu analelewa wapi? Katika vumbi la sakafu, katika nyufa, chini ya mkeka. Vifaa vya kumpunguza ni fagio, maji ya kunyunyizia vumbi kabla ya kufagia, udongo wa kuziba nyufa, jua la kuanikia matandiko, na kitanda. Kila usharika unavyo vitu hivyo au unaweza kuvipata. Kilichokosekana ni mtu wa kueleza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kosa letu. Miaka michache iliyopita, katika usharika mmoja wa milimani, mradi wetu ulijenga majiko banifu. Nia ilikuwa nzuri na sababu zipo: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, wakiwamo watoto wengi wadogo, na Serikali yetu mwaka 2024 ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Tulitoa mafiga ndani ya nyumba, tukajenga jiko nje kwenye kibanda chake, tukapiga picha, tukaandika taarifa. Taarifa ilieleza idadi ya majiko yaliyojengwa, nayo ilipokelewa vizuri na wafadhili.

Tuliporudi baada ya mavuno, bibi mmoja alitukaribisha ndani. Jiko lilikuwa linatumika, tena limesafishwa. Ila kwenye chumba wanacholala wajukuu kulikuwa na magunia ya mahindi yamepangwa hadi karibu na paa, na mikeka ya watoto imetandikwa pembeni yake. Tukamwuliza kulikoni. Akasema: "Wanangu, moshi mmeuondoa, panya mmetuletea. Mlipokuja mlipima kimo cha jiko, hamkuuliza mahindi yatakaa wapi."

Kwa wale wageni wetu wasiojua nyumba za milimani, tueleze kidogo. Mahindi huwekwa darini juu ya mafiga. Moshi ule unaotutoa machozi ndio unaoyakausha na kuwafukuza fukusi na dumuzi, yule tunayemwita Skania. Ukiuondoa moto, dari haina kazi. Mahindi ya mwaka ule yalianza kutobolewa, bibi akayapukuchua, akayatia kwenye magunia, na kwa kuwa kibanda cha nje hakina kufuli, akayalaza chumbani na watoto. Panya wakafuata chakula. Kwa hiyo katika wilaya ambayo watafiti walitumia miaka 20 kutueleza habari za panya, viroboto na watoto waliolala chini, mradi wetu ulikuwa umewakusanya wote watatu chumba kimoja. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyeugua. Lakini utafiti ulikuwapo, umechapishwa, na sisi wenye shahada tulikuwa hatujausoma. Na bibi, ambaye hakuhitaji kuusoma, hatukumwuliza.

Tumelieleza hili mbele ya wafadhili kwa makusudi. Taarifa zetu zimezoea kuhesabu vitu vilivyotolewa. Jiko moja ni jiko moja. Lakini nyumba haina mlango wa malaria, mlango wa tauni na mlango wa moshi. Nyumba ni moja, na ukigusa dari umegusa sakafu. Tungependa mtupe nafasi, katika taarifa za robo mwaka zijazo, ya kueleza kilichotokea baada ya kitu kutolewa, hata pale ambapo habari si nzuri ya kupigia picha.

Si kila utafiti unaomwacha mwenye nyumba gizani. Makunduchi, Unguja, mwaka 1988, wataalamu wakiwamo Caroline Maxwell na Chris Curtis walimwaga punje ndogo za povu jeupe la plastiki kwenye mashimo ya vyoo yenye maji. Punje zilielea zikafunika maji, mbu waenezao matende na ngirimaji wakakosa mahali pa kuzaliana, na wakati huohuo watu wakapewa dawa. Kiwango cha watu wenye vimelea kilishuka kutoka karibu nusu hadi kama mmoja kati ya kumi, kikaendelea kushuka. Tunaupenda mfano huu kwa sababu ya kitu kimoja: matokeo hayakuhitaji mkalimani. Mtu alilala usiku bila kuumwa na mbu, akajua kwa nini, akalitazama shimo lake la choo kwa jicho jingine. Tafiti nyingine haziwezi kujieleza zenyewe namna hiyo. Hizo ndizo zinazohitaji kamati kama hizi.

Kwa hiyo tunaomba nini kwenu? Mtafiti akifika kwenye usharika au kijijini, msimfukuze, na wala msimpokee kwa sababu tu ana gari. Mwombeni barua ya kibali cha maadili ya utafiti kutoka NIMR, na kama anatoka nje ya nchi, kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na isomwe kwa sauti kwa asiyejua kusoma. Mzazi aelezwe kwamba anaweza kukataa, au kukubali kisha akabadili mawazo, na mtoto wake hatanyimwa matibabu kwa ajili hiyo. Mambo haya yote yamo katika taratibu za nchi. Hamtakuwa mnaomba upendeleo.

Lile ambalo huwa halidaiwi ni la mwisho: lini atarudi kutoa majibu, mahali gani, na kwa lugha gani. Liandikwe kwenye daftari la kamati, na mwezi huo ukifika katibu amtumie ujumbe. Watafiti wengi tuliokutana nao wangefurahi kurudi. Fedha zao huisha kabla ya siku hiyo, na kwa kuwa hakuna anayewadai, siku haiji. Nanyi mkipata majibu, yasomwe kwenye matangazo ya Jumapili kwa maneno ya kawaida. Asiyesali kwetu ana nyumba na mbu kama sisi, kwa hiyo nakala ipelekwe msikitini na ofisi ya kijiji pia.

Kwa upande wetu, kuna fedha zilizobaki za majiko, na leo tunaomba uamuzi wenu. Pendekezo letu ni kusimamisha ujenzi wa majiko mapya hadi mavuno yajayo, na sehemu ya fedha hizo itumike kwa kaya zilizokwisha kupata majiko: vihenge vya bati au mifuko isiyopitisha hewa kwa ajili ya mahindi, vichanja vya kuinulia magunia, na vitanda kwa watoto wanaolala chini. Tunajua kuna sharika za bondeni, pamoja na hapa Magoma, ambazo zilikuwa zinasubiri zamu yao ya majiko, na kwamba zitaona zimerukwa. Manung'uniko hayo ni halali. Tungependa yatolewe hapa ukumbini, tusiyasikie njiani. Kwa nyumba za bondeni tunafikiria zaidi kuziba nafasi kati ya ukuta na paa, maana hapo ndipo mbu hupita usiku, lakini hatutaki kurudia kosa la kuziba kwanza na kuuliza baadaye hewa na moshi vitatokea wapi.

Yule bibi wa milimani amekubali kuwa mjumbe wa kikundi kitakachokagua mpango huu. Sharti lake ni kwamba apelekewe kihenge yeye wa kwanza, akione kama kinafaa, ndipo azungumze. Tumekubali.

Fomu za maoni ziko kwa katibu wa jimbo. Baada ya chakula, kwa ruhusa ya wenyewe, tutatembelea nyumba tatu hapa jirani kuangalia dari, sakafu na nafasi za juu ya ukuta. Atakayependa kufuatana nasi anakaribishwa. Wageni wetu tunawashauri wavae viatu vya kufunika.